Waliombeba Mwenzao, Nani Awabebe?

Mgeni anayefika Mikindani huonyeshwa mahali panaposemwa kuwa alikaa Dk. David Livingstone. Aliingia bandari hiyo tarehe 24 Machi 1866, akaondoka mwanzoni mwa Aprili kuelekea Mto Ruvuma, na safari hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake. Jina lake limetapakaa: Milima ya Livingstone kando ya Ziwa Nyasa, mnara wa kanisa la zamani kule Bagamoyo, mji mzima nchini Zambia. Sina ugomvi na jina hilo. Ninachosema ni kwamba katika bandari hiyohiyo, siku hizohizo, walikuwapo vijana wawili, Chuma na Susi, ambao miaka saba baadaye waliitendea maiti ya mwenzao Livingstone jambo ambalo wachache wamelitenda hata kwa ndugu wa damu. Nasi wa pwani hii, kuanzia Likombe hadi mdomo wa Ruvuma, tumewaachia sifa moja tu, "watumishi waaminifu", kisha tukanyamaza. Sifa hiyo inawapunja. Rafiki mwaminifu akishakufa anastahili kukumbukwa kama mtu mwenye akili yake na hiari yake, mtu aliyeweza kukataa na ambaye siku nyingine alikataa kweli. Ukimwondolea uwezo huo wa kukataa, uaminifu wake hautakuwa na maana yoyote.

Tuanze na msafara wenyewe, maana sura yake inasaidia kuelewa. Walioondoka Mikindani walikuwa askari wa Kihindi 13, watu 10 wa kisiwa cha Nzwani huko Komoro, vijana 9 waliosomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik nchini India, wanaume wawili wa Shupanga kwenye Mto Zambezi, na Wayao wawili. Hao wa Shupanga walikuwa Susi na Amoda. Wayao walikuwa Chuma na Wikatani. Kulikuwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda, kwa kuwa Livingstone alitaka kujua kama wanyama hao wangehimili mbung'o. Wamakonde waliajiriwa kutangulia na mashoka, wakifyeka njia katika vichaka vya nyanda zetu ili ngamia na mizigo yao wapite. Haukupita mwaka, msafara ukapukutika. Askari wa Kihindi walirudishwa pwani. Wikatani alipokaribia Ziwa Nyasa alikuta ndugu zake akabaki nao. Watu wa Nzwani, wakiongozwa na Musa, waliondoka Septemba 1866, na Musa akafika Unguja na habari ya uongo kwamba Livingstone ameuawa. Siwahesabu wote hao kuwa wasaliti. Wikatani alikuwa ameuzwa utumwani utotoni. Aliyeuzwa akikuta ukoo wake ana haki ya kukaa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba mlango ulikuwa wazi. Kuondoka kuliwezekana, na wengi waliondoka. Kwa hiyo aliyebaki alikuwa amechagua.

Chuma naye alikuwa mtoto aliyeingizwa utumwani. Mwaka 1861, akiwa na umri wa miaka kama kumi na mmoja, alikuwa amefungwa katika msafara wa watumwa kwenye nyanda za juu za Mto Shire, Livingstone na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipoukuta msafara huo na kuwafungua mateka. Susi hakuwa na deni la namna hiyo. Aliajiriwa Shupanga mwaka 1863 kufanya kazi kwenye meli. Mwaka 1864 wote wawili walivuka naye Bahari ya Hindi kutoka Unguja hadi Bombay kwa meli ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya ziwa. Mtu anaweza kudai kwamba Chuma alifuata kwa kulipa fadhila. Basi na tuutazame mwaka 1868.

Aprili mwaka huo, karibu na makao ya Kazembe, Livingstone alitaka kugeuka kusini kulitafuta Ziwa Bangweulu. Sehemu kubwa ya watu wake wakagoma. Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa waliogoma. Hawakutoroka usiku na bunduki za watu. Walikataa tu kwenda, wakabaki na wafanyabiashara wa pwani. Livingstone aliendelea na watu watano. Katika daftari lake hakuwalaani. Aliandika kwamba hawalaumu sana, kwa kuwa wamechoka kutembea kama yeye mwenyewe alivyochoka. Aliporudi miezi kadhaa baadaye waliomba kurudi kazini, naye akawapokea, akikiri kwamba yeye pia ana udhaifu wake. Waandishi wengi wa zamani waliotaka kuwasifu vijana hawa walilipita jambo hili haraka, kana kwamba ni doa juu ya kanzu. Kwangu mimi hapa ndipo penye ushahidi wenyewe. Mtumwa hagomi na kurudi kwa heshima. Watu waliokorofishana, wakaachana, wakarudiana bila kudaiana, wamevuka mpaka wa bwana na mwajiriwa, na kilichopo kati yao kinahitaji jina jingine. Asiyekubali kwamba waligoma mwaka 1868 hawezi kueleza vizuri walichofanya mwaka 1873.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo kusini mwa Bangweulu, kijana Majwara aliyekuwa akilala mlangoni alimwamsha Susi. Walimkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Asubuhi walikaa kikao. Hili la kikao lisitupite. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru wala barua ya maelekezo. Msafara ulikuwa na watu wapatao sitini, wenye silaha na nguo za kutosha kugawana na kila mmoja akashika njia yake. Waliamua kumrudisha pwani. Kwanza walitaka kuficha msiba, wakihofia mtemi, Chitambo, angewatoza faini kwa mgeni kufia kwenye ardhi yake, lakini Chitambo alipojua aliungana nao katika kilio. Watu wake wakaja na ngoma na pinde, na mwombolezaji wa kazi hiyo akavaa njuga miguuni akaimba. Kisha ikafuata kazi ya mikono. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, alipasua maiti na kutoa moyo na viungo vya ndani, wakavizika chini ya mti mkubwa. Jacob Wainwright, kijana mwingine aliyesoma shule ya Nasik, alisoma sala ya maziko na kuchonga jina na tarehe kwenye gome la mti huo. Mwili wakautia chumvi, wakauweka ndani ya uzio usio na paa, jua liukaushe kwa siku 14, wakiugeuza kila siku. Miguu ikakunjwa magotini ili mzigo uwe mfupi. Wakauzungushia shuka, wakauingiza ndani ya gamba la mti lililobanduliwa zima kama bomba, wakashona turubai juu yake na kupaka lami. Wainwright pia aliandika orodha ya kila kitu kilichokuwa cha marehemu. Kisha nguzo, na watu wawili mabegani.

Kutoka hapo hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,500 za miguu. Walikuwa hawajafika mbali ugonjwa ulipowasimamisha karibu mwezi mzima. Susi mwenyewe hakuweza kutembea. Walivuka Luapula, wakazunguka kusini mwa Ziwa Tanganyika, wakapita Ufipa hadi Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Huko, Oktoba 1873, walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapohapo. Njia ya mbele ina hatari, na watu wengi hawataki maiti ipite kwao. Alifungua masanduku ya marehemu akachukua baadhi ya vyombo vya vipimo. Vyombo waliviacha. Maiti walikataa kuizika. Mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walipozuia maiti isipite, wakatumia akili. Walitangaza kwamba wameghairi, wanairudisha Unyanyembe ikazikwe. Wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga sanda kwa umbo la mtu, watu sita wakaondoka nayo kwa huzuni ya kuigiza; usiku ulipoingia wakayatupa mabua porini, bua moja hapa, jingine kule, wakarudi kimyakimya. Maiti yenyewe ilikuwa imefungwa upya kama robota la nguo. Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

Wapo wanaosema haya yote yalikuwa hesabu ya ujira na woga. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na ina msingi katika historia niliyoieleza hapo juu. Musa alikwisha kuleta habari ya uongo ya kifo hichohicho. Mwaka 1867 Waingereza walilazimika kutuma watu Ziwa Nyasa kuichunguza. Kundi la Waafrika likifika pwani mikono mitupu, likisema "amekufa", nani angewaamini? Nani asingewashuku kwamba wamemuua wakagawana mali? Maiti ilikuwa shahidi wao. Ile orodha ya Wainwright ilikuwa kinga yao. Nakubali kabisa kwamba waliyafikiria hayo, na ningewashangaa kama wasingeyafikiria. Lakini hoja hii inafika Unyanyembe na kukwama. Pale walimkuta ofisa wa Kiingereza mwenye vyeo vyake, aliyeiona maiti, aliyeviona vitu, na aliyewapa kwa kinywa chake ruhusa ya kuzika. Kwa upande wa woga, kesi ilikwisha siku hiyo; shahidi alipatikana, na ujira wao wangeweza kuudai wakiwa na neno lake. Wangezika hapohapo wakashuka pwani wepesi. Safari kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, pamoja na ule usiku wa mabua ya mtama, haielezeki kwa woga wala kwa fedha. Inaelezeka tu kwa kukubali kwamba walikuwa wameamua, katika kikao chao cha Mei, kwamba mtu huyu atafikishwa kwao, na hawakuona sababu ya ofisa mgeni kuvunja uamuzi wa kikao hicho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, ule ulikuwa urafiki, au ni sisi tunaoupaka rangi? Walimwita Bwana. Yeye alishika fedha, bunduki na amri, wao walibeba. Mtu anayeuita uhusiano huo urafiki bila kutaja tofauti hizo anadanganya. Hata hivyo, watu wa pwani tunajua kwamba mapenzi na daraja huishi nyumba moja bila daraja kufutika. Ndivyo ilivyo kati ya nahodha na baharia wake, kati ya mwalimu wa chuo na mwanafunzi aliyemlea. Kipimo ni kile kinachobaki wakati ujira umekwisha na mwenye amri hayupo. Tazama basi. Mwaka 1886 Susi alibatizwa Unguja, miaka kumi na mitatu baada ya kifo kile. Hakuna aliyemdai kitu. Wakati huo alikuwa amekwisha kufanya kazi na mpelelezi Stanley katika Kongo na kupata sifa zake mwenyewe. Jina alilochukua ni David. Msomaji wa Mikindani au Msimbati hahitaji kufafanuliwa maana yake. Kwetu aliyeitwa jina lako ni somo wako, na usomo ni undugu unaotambulika. Huitwi kwa jina la mtu halafu ukawa baki kwake. Susi alikwenda na jina la mwenzake hadi alipokufa mwaka 1891. Kati ya kumbukumbu zote alizowekewa Livingstone, mawe na minara na miji, hiyo ndiyo ninayoiona kuwa ya rafiki.

Atasimama mwingine aseme: Livingstone ndiye aliyefungua njia kwa wakoloni, kwa nini Mtwara ihangaike naye? Njia ilifunguliwa, ni kweli, na ramani zake zilitumiwa na wengi wasiokuwa na huruma yake. Ni kweli pia kwamba barua zake juu ya biashara ya watumwa, hasa baada ya mauaji aliyoyashuhudia soko la Nyangwe Julai 1871, zilichangia shinikizo lililofunga soko la watumwa la Unguja Juni 1873, mwezi mmoja baada ya kifo chake, kabla habari ya kifo hicho haijafika. Mikindani ilikuwa miongoni mwa bandari za biashara hiyo. Lakini hata ukimwekea uzito mkubwa wa lawama, lawama hiyo haiwagusi Chuma na Susi. Kukaa kimya juu yao kwa sababu ya mtu waliyembeba ni kuwapoteza mara ya pili, safari hii kwa mikono yetu.

Mara ya kwanza walipotezwa na wale waliokabidhiwa maiti. Bagamoyo mzigo ulipokelewa kwa niaba ya ubalozi mdogo wa Uingereza, ukapakiwa kwenye manowari, na wabebaji wakalipwa ujira wao wakaachwa. Ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri na jeneza hadi London, kwa gharama ya wamisionari. Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, Chuma na Susi wakiwa bado Afrika. Walifika Uingereza baadaye kwa msaada wa rafiki mmoja wa marehemu, James Young, na huko wakakaa na Horace Waller, mhariri wa madaftari ya marehemu, kumfafanulia yaliyomo na yasiyomo humo, mahali kwa mahali, hadi kitabu cha safari za mwisho kikatoka. Bila wao kurasa za mwisho za kitabu hicho zisingekuwapo, kwani mwenye kuandika alikuwa amekufa. Chama cha Kijiografia cha Uingereza kilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya wasafiri wale, lakini zilipofika Unguja wengine walikwisha kutawanyika. Na kule Westminster, jiwe la kaburi linasema kwamba mwili uliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mikono ya nani, jiwe halisemi. Katika sentensi hiyo fupi kuna kosa lote ninalolizungumzia: uaminifu umetajwa, watu hawamo.

Sisi tusilirudie. Chuma alirudi akawa kiongozi wa misafara, mmoja wa waliosifika kuliko wote katika kazi hiyo. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Edward Steere, yule mwanazuoni wa Kiswahili, kutoka Lindi hadi kwa mtemi Mataka katika nchi ya Wayao. Mwaka uliofuata misheni ya Steere ikaanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru pale Masasi, ndani ya mkoa wetu huu. Alipofariki Unguja mwaka 1882 alikuwa hajatimiza miaka 35. Wainwright alikufa Urambo mwaka 1892. Matthew Wellington, Myao mwingine aliyesoma Nasik na aliyekuwamo katika msafara wa maiti, aliishi Mombasa hadi mwaka 1935, kwa hiyo wapo watu waliozaliwa Kisauni na Frere Town ambao babu zao walizungumza naye. Haya si mambo ya zama za kale zisizofikika. Majina yanajulikana: Chuma, Susi, Amoda, Mabruki, Gardner, Farijala, Majwara, Wainwright, Wellington. Anayesema hatuwezi kuwakumbuka wote kwa kuwa hatuwajui wote, aanze na hao.

Pa kuanzia papo. Mwaka 1866 hapakuwa na mtaa wa kupewa namba, lakini mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nguzo zikasimikwa na mitaa nchi nzima ikapewa majina. Manispaa ya Mtwara Mikindani inakua, na Likombe inakua nayo. Kila mwaka barabara mpya zinachongwa ambazo bado hazijaitwa kitu cha kudumu. Madiwani hawahitaji mfadhili kuamua kwamba mojawapo iitwe Chuma na nyingine Susi. Mwalimu wa historia katika shule za kata hahitaji ruhusa ya mtu kuanza somo la mwaka 1866 na watu waliobeba mizigo, akiwamo yule Mmakonde mwenye shoka ambaye jina lake halikuandikwa. Na wanaowatembeza wageni Mikindani wanaweza kuanza leo hii, kwa kutaja majina mawili zaidi kabla hawajavuka kizingiti.

Kama nafasi ya jina la tatu itabaki, ningependekeza Halima. Hakuanza safari Mikindani. Aliolewa na Amoda njiani, akawa mpishi wa msafara, na Livingstone aliandika kwamba wakifika Unguja atamkomboa na kumnunulia nyumba na bustani. Alifika Unguja akiifuata maiti, lakini ahadi hiyo ilikufa na aliyeitoa. Nguzo ya mtaa pembeni mwa barabara ya vumbi si nyumba wala bustani, ila mtu angeweza kusimama chini yake na kusoma: Halima.